GPS ya mkononi: namna ya kuchagua mashini ya kwanza bila kupoteza pesa

Zamani, GPS ya mkononi tuliiona kwa walinzi wa mbuga ya Kahuzi-Biega, kwa wapimaji wa kadasta na kwa wageni wa mashirika. Siku hizi mambo yamebadilika. Koperative za kahawa za Kalehe, Idjwi na Kabare zinaombwa alama za mashamba ya wanamemba wao. Vijiji vinavyotaka kutambuliwa msitu wao vinadaiwa ramani. Vijana wanaotembeza watalii kwenye milima wanataka kuchora njia zao. Na swali linalorudi kwa wote ni moja tu: tununue mashini gani?

Makala hii ni kwa yule anayeanza, ambaye hajawahi kushika GPS na ambaye pesa yake haitoshi kukosea mara mbili. Tutaeleza mashini inafanya nini, cha kuangalia kabla ya kulipa, na makosa yanayoharibu kazi hata kama mashini yenyewe ni nzuri.

Kwa nini watu wanaitafuta sasa

Sababu ya kwanza ni kahawa. Mwaka 2023, Umoja wa Ulaya ulitoa sheria juu ya bidhaa zinazotoka mahali ambapo misitu ilikatwa. Kahawa na kakao zimo. Sheria hiyo inadai mnunuzi ajue shamba liko wapi, kwa namba za mahali, na kwa shamba linalopita hektari 4 inadai mpaka wote uchorwe. Tarehe ya kuanza kuitumia imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi hawangojei. Wanaomba namba tangu sasa.

Sababu ya pili ni misitu. Tangu dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii inaweza kuomba serikali iipatie msitu wake wa desturi, kwa eneo lisilopita hektari 50 000. Kila ombi linahitaji ramani, na ramani inahitaji alama zilizochukuliwa kwa miguu.

Hapa kwetu tuko na mfano mkubwa, Itombwe. Hifadhi ile iliundwa na serikali mwaka 2006, na wakaaji wakalalamika kwamba mipaka iliwekwa bila wao. Ilibidi kazi ya miaka ya kuchora ramani pamoja na vijiji, mpaka mwaka 2016 ndipo mipaka mipya ikakubaliwa na jimbo. Wenye kujua mto gani ni mpaka na kilima gani ni cha nani walikuwa wazee wa kijiji. GPS iliandika tu yale ambayo wazee walionyesha kwa kidole.

Mashini inafanya nini

GPS ya mkononi ni kipokezi. Haitumi kitu. Inasikiliza sateliti zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilometa karibu 20 200, na kwa kupima muda ambao alama zao zinachukua kufika, inahesabu mahali ulipo. Inahitaji kusikia sateliti nne au zaidi. Haihitaji intaneti, haihitaji unite, haihitaji antena ya kampuni ya telefone.

Mpaka mwaka 2000, jeshi la Marekani lilikuwa linaharibu kidogo kwa makusudi alama ambazo raia wanapokea, na kosa liliweza kufika mita 100. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Mei 2000 waliacha. Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtu mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, alificha ndoo porini yenye vitu vidogo ndani na akatangaza namba zake ili wengine waitafute. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa kutafuta visanduku kwa GPS, ambao leo unachezwa karibu dunia nzima. Tutaurudia chini, kwani mchezo huo ni shule nzuri.

Leo, kwenye uwanja wazi, mashini ya kawaida inakosea mita 3 mpaka 5. Chini ya miti mikubwa, kwenye bonde lenye kuta mbili au karibu na nyumba za gorofa, kosa linaweza kupita mita 10. Mita hizo ukumbuke, tutazihitaji.

Telefone inatosha?

Tuseme ukweli: kwa kazi nyingi, ndiyo. Telefone nyingi za Android ziko na GPS ndani, na inafanya kazi hata bila intaneti. Programu kama OsmAnd au Organic Maps zinakuruhusu kupakua ramani ya Kongo mara moja ukiwa na mtandao, halafu unatembea nayo bila mtandao. Kama kazi yako ni kuchukua alama moja moja kwa mashamba 20 karibu na barabara, jaribu telefone kwanza kabla ya kununua kitu.

Telefone inashindwa mahali pengine. Ikitumia GPS siku nzima, batri inaisha kabla ya jioni, na kijijini hakuna pa kuchaji. Mvua ikianza, kidole chenye maji hakisikiki kwenye kioo. Ikianguka kwenye mawe, imevunjika. Na kuna jambo lingine: telefone inabeba maisha yako yote, picha, ujumbe, pesa. Ikinyang'anywa njiani, hasara si ya GPS tu.

Kwa hiyo, anayetembea siku tatu kwenye msitu au kwenye milima ya Mwenga anahitaji GPS ya kweli. Anayefanya kazi Kadutu na kurudi nyumbani jioni anaweza kungoja.

Mambo sita ya kuangalia kabla ya kulipa

Moja, mapile. Chagua mashini inayotumia mapile mawili madogo ya kawaida, yale ya AA, yanayopatikana hata kwenye kibanda cha kijiji. Mashini yenye batri ya ndani ni nzuri muji ulio na umeme, lakini siku inazima katikati ya kazi hautakuwa na dawa. Mapile ya bei ya chini sana yanaisha haraka na mengine yanatoa maji ndani ya mashini. Mapile ya kuchaji ni bora kwa yule aliye na panneau. Ukiyatumia, iambie mashini kwenye mipangilio yake kwamba ni ya kuchaji, kama sivyo itaonyesha vibaya nguvu iliyobaki. Na ukirudi kazini, toa mapile.

Mbili, sateliti. Tafuta mashini inayosikia zaidi ya mfumo mmoja: GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, au Galileo ya Ulaya, au BeiDou ya China. Katika mabonde yetu, ambapo mlima unafunika nusu ya mbingu, kila sateliti ya zaidi ni faida.

Tatu, maji. Uliza alama IPX7. Maana yake mashini inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa mvua ya kwetu, usishuke chini ya hapo.

Nne, namna ya kutoa alama. Hapa wengi wanasahau. Mashini nzuri inatoa faili ya GPX kwa kabo ya USB au kwa telefone, na faili hiyo inasomwa na kompyuta yoyote. Kama utalazimika kunakili namba kwa mkono kwenye kayee, kwa mashamba 300 utakosea tu. Kabla ya kulipa, omba muuzaji akuonyeshe alama ikitoka kwenye mashini na kuingia kwenye kompyuta.

Tano, vifungo. Mashini ya vifungo vya kufinya inafanya kazi kwa mkono wenye matope na kwa mvua. Kioo cha kugusa kinapendeza dukani zaidi kuliko shambani.

Sita, dira. Mashini za bei ya chini hazina dira ya kweli ndani. Zinajua upande unaoelekea wakati unatembea tu. Ukisimama, mshale unazunguka ovyo na mwanzaji anafikiri mashini imeharibika. Haikuharibika. Tembea hatua kumi, mshale utatulia.

Mifano inayoonekana zaidi

Kwetu, jina linalosikika zaidi ni Garmin. Hatulipwi kulitaja, ni kwa sababu ndilo utakalokutana nalo, mpya ao ya mkono wa pili.

eTrex 10, iliyotoka mwaka 2011, ndiyo mwalimu wa wengi. Kioo chake ni cha rangi moja, haina ramani ya kusaidia, haina dira ya kweli wala mahali pa karte ya kumbukumbu. Lakini inatunza alama 1000, inasikia GPS na GLONASS, na mapile mawili yanafika saa 25. Ukiikuta nzima kwa bei nzuri, kwa kuchukua alama inatosha.

eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023, ndiyo ndugu yake mdogo wa kisasa. Inasikia mifumo mingi, iko na dira, inaongea na telefone bila kabo, na mapile yanaweza kufika saa 168. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa karibu dolari 150. Hapa ongeza usafiri, forodha na faida ya muuzaji.

eTrex 22x na 32x ziko na kioo cha rangi na ramani, na zinapokea karte ya kumbukumbu. Ya 32x inaongeza dira na kipimo cha hewa kwa ajili ya urefu wa mlima. Ni chaguo la anayetembeza watalii.

GPSMAP za 64, 65 na 66 ni kubwa zaidi, ziko na antena inayotoka juu, na zinasikia vizuri zaidi chini ya miti. Ni za msitu. Kwa shamba la wazi, ni pesa nyingi kwa faida ndogo.

Ukinunua ya mkono wa pili, usikubali jaribio la ndani ya duka. Toka nje, mahali mbingu inaonekana, ngojea. Mashini iliyolala miezi mingi inaweza kuchukua dakika 12 au zaidi kabla ya kujipata, kwani inapokea upya kalenda ya sateliti zote. Baada ya hapo, angalia mlango wa mapile: ukiona kutu ya kijani au unga mweupe, acha.

Namba: kosa linaloharibu kazi yote

Sasa tusikilizane vizuri. Kazi nyingi za GPS hazianguki kwa sababu ya mashini mbaya. Zinaanguka kwa sababu watu wawili waliandika mahali pamoja kwa namna mbili.

Garmin ikitoka kwenye kartoni inaandika kwa digrii na dakika. Tuseme inaonyesha, hapa Bukavu, S 02°30.500' na E 028°51.600'. Ukigeuza hiyo kuwa digrii tupu, ni 2.50833 kusini na 28.86000 mashariki. Lakini karani anayenakili haraka anaandika 2.30500 na 28.51600. Anaona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Shamba limehama kilometa zaidi ya 40, limetoka muji na kwenda kaskazini-magharibi, upande wa mbuga. Mkulima aliyelima shamba lake tangu babu yake anaonekana kwenye kompyuta ya Ulaya kama mtu anayelima ndani ya msitu. Na kahawa yake inaweza kukataliwa.

Ndiyo maana, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kikundi kizima kikae chini na kupatana mambo matatu:

– Namna ya kuandika. Kwenye mipangilio ya mahali, chagua digrii tupu, yaani hddd.ddddd. Kumbuka alama ya kusini: kwenye kompyuta, namba yetu ya kusini inaandikwa na kialama cha kutoa mbele, -2.50833. Ukiisahau, umeruka ng'ambo ya ikweta.

– Mfumo wa dunia. Weka WGS 84 kwa kila mashini. Ramani za zamani za wakati wa ukoloni zilitumia mifumo mingine, kama Arc 1950, na tofauti inapita mita 200.

– Kama mtu wa kadasta anataka UTM, Kivu ya Kusini yote iko katika zoni 35 Kusini. Mashini inaweza kuandika 35 M. Hiyo herufi M si kosa.

Sheria ya Ulaya inadai tarakimu sita baada ya nukta. Kwenye kioo cha Garmin utaona tano, lakini faili ya GPX inatunza zaidi. Usidanganyike na urefu wa namba hata hivyo. Tarakimu ya sita ni sentimeta 11, na mashini yako inakosea mita 3.

Eneo la shamba: usiiamini sana

Mashini nyingi zinaweza kupima eneo ukizunguka shamba kwa miguu. Kabla ya kununua, uliza kama yako inafanya hivyo. Lakini hesabu pamoja nasi. Parsele ya mita 30 kwa 40 ni mita za mraba 1200. Kama mashini inaongeza mita 4 kwa kila upande, inakuwa 34 kwa 44, yaani 1496. Imeongeza robo ya parsele ambayo haipo! Kwa hektari moja, kosa lile lile linaongeza karibu 8 kwa mia.

Kwa hiyo, kwa parsele ndogo za Bushi, ambapo jirani anahesabu kila mfereji, tumia kamba ya kupimia. GPS iseme parsele iko wapi. Kamba iseme ukubwa wake.

Zoezi la kisanduku

Tunarudi kwenye mchezo wa Oregon. Kikundi kinachonunua GPS ya kwanza kifanye zoezi hili kabla ya kwenda kwa wakulima. Mmoja afiche kisanduku ndani ya lupango la parokia, la shule au la koperative, kwa ruhusa ya mwenyewe. Achukue alama akisimama juu yake dakika mbili. Aandike namba kwenye karatasi na kuwapa wengine. Wao waingize namba kwenye mashini na kutafuta.

Watajifunza kwa saa moja yale ambayo masomo ya siku mbili hayafundishi: kwamba mashini inakufikisha mita chache, halafu macho yanamalizia, kwamba chini ya mgomba namba zinacheza, kwamba karani aliyekosea tarakimu moja anawapeleka watu ziwani. Yule ambaye hakupata kisanduku, tatizo lake linajulikana siku hiyo, siyo baada ya mashamba 300.

Lakini usifiche kisanduku barabarani, sokoni wala kando ya daraja. Katika hali yetu ya sasa, kitu kilichofichwa kinaogopesha watu, na wana haki ya kuogopa.

Usalama na heshima

Mtu anayetembea na mashini akiandika namba anaonekana kama mpelelezi, au kama mtu aliyekuja kuuza udongo wa watu. Tangulia kwa shefu wa kijiji, eleza kazi, beba barua ya kazi yenye kashe. Usichukue alama karibu na kambi ya wenye silaha, karibu na kizuizi, wala karibu na mpaka wa inchi kule Ruzizi. Ukiulizwa, onyesha mashini bila ubishi. Hakuna shamba linalolingana na maisha ya mtu.

Kumbuka pia kwamba mashini inatunza njia zako zote. Kila jioni hamisha kazi kwenye kompyuta, halafu futa. Na namba za nyumba na mashamba ya watu si za kutupa kwenye WhatsApp. Mama aliyekuruhusu kuingia shambani kwake alikuruhusu wewe kwa kazi ile, hakuruhusu dunia nzima.

Mashini haitoi titre

Tumalize na jambo ambalo wengi wanalichanganya. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni wa serikali, na haki ya mtu juu ya parsele yake inathibitishwa na hati ya kuandikishwa. Kijijini, wengi bado wanashikilia kalinzi waliyopewa na mwami au na watu wake. GPS haiingii mahali pa hata moja. Mtu akikuambia, "Nimeshapima na sateliti, shamba ni langu," amekuambia tu kwamba alisimama pale.

Kwa hiyo alama ya mpaka inachukuliwa siku ambayo majirani wote wako, mzee wa kijiji yuko, na kila mmoja amekubali jiwe au mti wa mpaka. Andikeni namba kwenye karatasi, majirani wote watie sahihi au kidole, kila mmoja abaki na kopi. Karatasi hiyo, pamoja na watu walioshuhudia, ndiyo itakayowasaidia siku ya ugomvi. Mashini ya dolari 150 au ya dolari 600, hapo kazi yake ni moja.